Kazi za lupango: mtoto afanye na ajifunze



Mwezi wa 9 njo mwezi wenye kutubana. Mvua ya msimu A inaanza, na siku hizo hizo shule zinafungua. Kila mwaka jembe linashinda daftari kwa nyumba nyingi. Serikali ilitangaza shule ya msingi ya bure tangu 2019, lakini bure hiyo haimsaidii mtoto ambaye saa mbili ya asubuhi iko shambani. Kwa hiyo somo hili halisemi muongeze watoto kazi. Linaongelea ile kazi ndogo wanayofanya tayari nyuma ya nyumba, kisha masomo. Muingize ndani yake hesabu na maulizo. Saa moja inatosha.

Tuchukue mbegu ya maharagi, juu hasara yetu mara nyingi inaanzia hapo. Wengi tunapanda ile tuliyoweka ndani ya kiloba tangu msimu uliopita, ao ile ya sokoni, bila kujua kama iko nzima. Kujaribu mbegu ni kazi ambayo mtoto wa miaka 9 anaiweza kabisa. Ahesabu mbegu 100. Asichague nzuri-nzuri; achote tu, zingine juu ya kiloba, zingine katikati, zingine chini. (Mtoto anapenda kuchagua nzuri, na baba yake pia. Hapo jaribio linakuwa la uongo.) Azipange mistari 10 ya mbegu 10 juu ya kitambaa kilicholowana maji safi, akikunje, akiweke ndani ya sahani fasi yenye kivuli. Kila siku aangalie: kitambaa kisikauke, lakini mbegu zisiogelee. Siku ya 8 afungue, ahesabu zile zilizotoa mzizi mzuri.

Kama zimeota 80, mtoto ameona kwa macho yake maana ya asilimia 80, neno ambalo mwalimu anaandika ubaoni. Sasa mumuulize: kitanda chetu kina metre 4 kwa 2. Tunaacha sentimetre 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu 2 kwa shimo. Tunahitaji ngapi? Mistari 5, mashimo 20 kwa kila mstari, mashimo 100, mbegu 200. Lakini kwa 100 zinaota 80 tu, basi ili kupata mimea 200 tuandae mbegu 250. Mwacheni atafute mwenyewe, hata akikosea mara mbili. Na kama zimeota chini ya 50, musipande hiyo mbegu. Ni afadhali kuijua mbele ya kulima kuliko kuangalia shamba lenye mapengo wiki tatu kisha. Ile isiyotiwa dawa ipikwe tu.

Mvua nayo inafundisha. Kopo tupu lenye kuta zilizonyooka, liwekwe wazi mbali na miti na paa. Asubuhi mtoto apime maji kwa rula. Milimetre 1 ya maji ni litre 1 kwa kila metre moja ya mraba. Mvua ya milimetre 12 juu ya kitanda chetu cha metre 8 za mraba imeleta litre 96, karibu bidoni 5 za litre 20. Mtoto anayechota maji kwenye chemchemi anajua uzito wa bidoni moja. Hesabu hiyo hataisahau.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, mumupe migomba. Ugonjwa wa kunyauka migomba ulionekana kwetu huko Masisi mwaka 2001, na mpaka leo unamaliza mashamba. Wadudu wanaubeba kupitia ua la kiume, lile la rangi ya zambarau lenye kuning'inia chini ya mkungu. Mtoto aandike tarehe mkungu unatokea, ahesabu vichana. Kichana cha mwisho kikisha kutoka, ua livunjwe kwa kijiti chenye panda, kwa kulizungusha. Kisu hapana, juu kisu kinahamisha ugonjwa kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Akiona majani yanakauka na ndizi zinaiva mbele ya wakati, asiguse, aite mzazi.

Pampu ya dawa mtoto asiishike, wala mbegu iliyopakwa dawa ya rangi. Hiyo haina mjadala.

Jambo lingine ninaloona tunapotembelea vikundi: kijana anapewa daftari, binti anapewa ufagio. Yule binti anayefagia lupango kila asubuhi njo wa kwanza kuona jani limeguswa na mdudu. Daftari liende kwake pia. Na mzazi asiyejua kuandika asiogope. Mtoto ataandika, wewe utamuambia kwa nini udongo wa karibu na zizi ni mweusi. Bila wewe, hiyo namba ni namba tu.

Kwa mkutano unaokuja, kila nyumba ilete karatasi moja: aina ya maharagi, fasi mbegu ilitoka, ngapi zimeota kwa 100. Kama iliandikwa na mtoto, aje aisome mwenyewe. Tutalinganisha kiloba kwa kiloba mbele ya kutoa makuta ya kununua mbegu ya kikundi.