Msimu ukiisha, mwanamichezo apime moyo wake

Je, wewe ni mmoja wa wale wanaotoka ofisini jioni wakaelekea kwenye kidimbwi cha kuogelea badala ya kurudi nyumbani? Je, baiskeli yako imeegemea ukuta tangu siku ya mashindano ya mwisho, na hujui kama yafaa uendelee na mazoezi au upumzike hadi msimu ujao? Basi makala ya wiki hii ni yako.

Traiathloni ni mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, kimoja baada ya kingine bila mapumziko. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako uliingizwa mara ya kwanza mjini Sydney mwaka wa 2000, mshindani huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40 na kumalizia kwa mbio za kilomita 10. Mashindano mafupi, ambayo wanaoanza huyapendelea, huwa nusu ya hayo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5.

Wengi wanaonijia na maswali kuhusu mchezo huu si vijana wanaoishi katika kambi za mazoezi kule Iten. Ni wahasibu, walimu, wanasheria na wafanyabiashara, watu wa umri wa miaka 35 hadi 55, ambao hushinda wameketi mchana kutwa. Hao ndio wanamichezo wa ridhaa. Hawalipwi kwa kushiriki, hawana daktari wa timu, na kila mmoja hujipangia mazoezi yake.

Ndugu msomaji, jambo ninalotaka ulishike ni moja. Miezi isiyo na mashindano si ya kukaa kitako, wala si ya kuuadhibu mwili kwa sababu hukumaliza ulivyotarajia. Ni miezi ya kuukagua mwili, kutibu kilichoumia na kujenga upya polepole. Na kiungo cha kwanza kukaguliwa ni moyo.

Kwa nini moyo?

Mwaka wa 2017 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mashindano ya traiathloni yaliyofanyika nchini humo kati ya mwaka wa 1985 na 2016. Walikusanya visa 135 vya vifo na vya watu ambao mioyo yao ilisimama ghafla. Visa 90 kati ya hivyo vilitokea wakati wa kuogelea. Umri wa wastani wa walioathiriwa ulikuwa karibu miaka 47, na asilimia 85 walikuwa wanaume. Miili 61 ilipofanyiwa upasuaji wa uchunguzi, 27 ilipatikana na ugonjwa wa moyo au wa mishipa yake.

Takwimu hizo zisikutie hofu ya kuacha mchezo. Hatari yenyewe ni ndogo, chini ya watu wawili kwa kila washiriki 100,000, na faida za mazoezi kwa moyo ni nyingi mno. Lakini zinatufunza mambo mawili. Kwanza, mtu anaweza kuonekana mkakamavu huku mishipa ya moyo wake ikiendelea kuziba kimyakimya kwa miaka mingi. Pili, majini ndiko moyo hujaribiwa zaidi. Mashindano huanza kwa msukumano, maji huenda yakawa baridi, hofu hupanda na pumzi hukatika. Anayelemewa akikimbia anaweza kuketi kando ya barabara, lakini anayelemewa katikati ya maji hana pa kuketi.

Ikiwa umetimu miaka 40, au una shinikizo la damu, kisukari, mafuta mengi katika damu, unavuta sigara, au una jamaa wa karibu aliyekufa ghafla kabla ya uzee, mwone daktari kabla ya kuanza kujiandaa kwa msimu mpya. Mweleze wazi unajiandaa kwa mashindano gani. Atakupima presha, sukari na mafuta katika damu, na huenda akakufanyia kipimo cha umeme wa moyo. Akiona haja, atakutuma kwa mtaalamu upimwe moyo huku ukitembea au kukimbia kwenye mashine.

Hata hivyo, kumbuka kwamba kipimo cha leo hakifuti dalili za kesho. Ukihisi kifua kikibana unapofanya mazoezi, ukizirai, ukiishiwa na pumzi kupita kawaida yako, au moyo ukienda mbio bila mpangilio, acha mazoezi mara moja na umwone daktari, hata kama majibu ya awali yalikuwa mazuri. Maumivu ya kifua yasiyokoma ni ya kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo. Na ikiwa unatumia dawa za presha, usiziache eti kwa sababu sasa unafanya mazoezi. Anayepunguza dawa ni daktari baada ya kukupima.

Wiki za kwanza: Pumzika, usilale

Baada ya mashindano ya mwisho, jipe wiki mbili hadi nne za kupumzika. Weka kando saa ya kupimia kasi. Tembea, ogelea kwa raha, cheza mpira na watoto, panda mlima ukipenda. Lengo ni misuli, kano na akili zipumue.

Ukiacha kabisa kufanya lolote, uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni huanza kushuka katika wiki mbili hadi nne. Habari njema ni kwamba kuutunza uwezo huo si kazi kubwa kama kuujenga. Mazoezi machache kwa wiki, mradi baadhi yake yawe na kasi, hutosha kuuzuia usiporomoke kwa wiki kadhaa.

Huu pia ndio wakati wa kutibu majeraha. Goti lililokuwa likiuma kila ukiteremka ngazi, bega linalolia unapoogelea, au kisigino kinachokaza asubuhi, vyote vinahitaji kuonwa sasa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi kano inayouma hupona kwa kupunguziwa mzigo na kupewa mazoezi maalumu kwa wiki kadhaa, lakini ikipuuzwa huweza kukusumbua mwaka mzima.

Mwulize pia fundi wa baiskeli akukague jinsi unavyoketi. Kiti kikiwa chini mno, goti huumia. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba na mgongo huuma. Kanyagio likifika chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo.

Wiki nane hadi kumi: Jenga msingi

Hapa ndipo wengi huharibu. Moyo na mapafu huzoea mazoezi upesi, lakini mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo mtu huhisi ana nguvu za kukimbia mbali, kumbe miguu bado haijawa tayari. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu, kisha wiki ya nne upunguze ili mwili upate nafasi ya kujirekebisha.

Mfano wa ratiba kwa mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa ni huu:

Jumatatu: Pumzika.

Jumanne: Ogelea dakika 45, ukishughulikia zaidi namna ya kupumua na kunyosha mikono kuliko kasi.

Jumatano: Kimbia polepole dakika 40, kisha mazoezi ya nguvu dakika 20.

Alhamisi: Baiskeli dakika 45. Katikati yake ongeza kasi kwa dakika mbili, mara tano, ukipumzika kati ya kila moja.

Ijumaa: Ogelea dakika 40.

Jumamosi: Mazoezi ya nguvu dakika 30 na mbio za polepole dakika 50.

Jumapili: Baiskeli saa mbili, alfajiri kabla magari hayajajaa barabarani. Usisahau kofia ngumu, taa na mavazi yanayoonekana.

Hiyo ni jumla ya saa sita na nusu kwa wiki. Ikiwa hujawahi kufikisha kiasi hicho, anza na nusu yake. Mazoezi ya polepole ni yale ambayo unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji klabu ya bei ghali. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, teremsha visigino polepole, kisha inuka, mara 12 kwa raundi tatu. Chuchumaa na kuinuka bila kushika kitu. Lala chali, kunja magoti na uinue makalio. Kwa mabega, kata tyubu kuukuu ya baiskeli, ifunge kwenye nguzo imara na uivute taratibu. Mazoezi haya, yakifanywa mara mbili kwa wiki, huimarisha viungo ambavyo kukimbia peke yake hakuviimarishi.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo wako kwa dakika moja na uandike. Yakizidi kawaida yako kwa mapigo 10 au zaidi siku mbili tatu mfululizo, huenda mwili umechoka au kuna ugonjwa unaokuja. Pumzika. Ukiwa na homa, usifanye mazoezi hata kidogo. Baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na kuulazimisha moyo kufanya kazi kubwa wakati huo ni hatari. Subiri homa iishe na nguvu zirudi, kisha uanze kwa kutembea.

Chakula, chai na dawa

Mwili haujengwi kwa mazoezi pekee. Kwa kila kilo ya uzito wako unahitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa siku. Mtu wa kilo 70 anahitaji basi kati ya gramu 84 na 112. Yai moja lina karibu gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Githeri, omena, ndengu, kuku na maziwa lala vinatosha. Huna haja ya kununua mikebe ya unga kutoka ng'ambo. Wala usiogope ugali, nduma na viazi vitamu, kwani ndivyo vinavyotia misuli nguvu.

Jihadhari na upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wanawake. Dalili zake ni uchovu usioelezeka na kuishiwa na pumzi. Sisi Wakenya twapenda kuteremsha chakula kwa chai, na chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Inywe saa moja au mbili mbali na mlo. Aidha, mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi mitatu kwa sababu ya mazoezi, na hana mimba, asifurahie. Huenda mwili unamwambia chakula hakitoshi, na mifupa yake inaweza kudhoofika. Amwone daktari.

Usimeze dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki ili uweze kufanya mazoezi. Ukiwa umepungukiwa na maji mwilini, dawa hizo zinaweza kudhuru figo, tena huficha jeraha linalozidi kuharibika. Mkojo ukiwa na rangi ya koka kola baada ya mazoezi makali, nenda hospitalini bila kuchelewa.

Ukienda ziwani au pwani

Wengi hutumia kipindi hiki kuzoea maji ya wazi. Usiogelee peke yako, hata ukiwa hodari. Wanaoogelea katika Ziwa Victoria wajue kwamba ugonjwa wa kichocho upo huko. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi, hata usipoyanywa maji. Ikiwa umeogelea humo, nenda ukapimwe kinyesi na mkojo wiki sita hadi nane baadaye. Dawa yake, prazikwanteli, inafanya kazi vizuri. Maji ya bahari na ya vidimbwi vyenye klorini ya kutosha hayana kichocho.

Mkazi wa Nairobi anayesafiri kwenda Kisumu au Kilifi pia akumbuke malaria. Lala ndani ya chandarua, na umwulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Ukipata homa baada ya kurudi, pimwa malaria siku hiyo hiyo.

Wiki za mwisho kabla ya msimu, ndipo sasa uongeze kasi na umbali, na ujizoeze kuogelea kando ya wenzako ili msukumano usikutie hofu. Siku ya mashindano, ingia majini mapema, ikiwa unaruhusiwa, upashe mwili moto. Ukihisi vibaya, geuka chali, inua mkono na uite waokoaji. Nishani utaipata mwaka mwingine.

Wanamichezo wengi hulipa ada ya mashindano kwanza, wakanunua viatu, kisha ndipo wamkumbuke daktari, kama watamkumbuka. Wiki hii ugeuze mpango huo. Fungua kalenda yako, na kabla hujaandika tarehe ya mashindano, andika tarehe ya kupimwa.