“Nimemwota” au “Amenijia”? Ndoto ya Jina Miongoni mwa Wabukusu wa Kabuchai

Mtafiti wa fasihi simulizi katika vijiji vya Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, huweza kuisikia kauli kama hii kwa mama anayenyonyesha: “Kuka alinijia usiku.” Kuka ni babu kwa Lubukusu, na hapa ni babu aliyekwisha kufariki. Mtafiti mwenye mazoea ya usanifu hushawishika kuandika katika daftari lake: “Nilimwota babu.” Hapo ndipo data inapoharibika.

Kosa ni la kisarufi kwanza. Katika “nilimwota babu” mtenda ni aliyelala. Babu ni yambwa tu, picha iliyopita kichwani. Katika “alinijia” mtenda ni marehemu, na kauli ya kutendea inamfanya aliyelala kuwa mfikiwa. Aliyeota ana habari ya kusimulia akipenda. Aliyejiwa ana mgeni, na mgeni hungoja jibu.

Pakiwa na mtoto mchanga, jibu lenyewe mara nyingi ni jina. Wabukusu wana majina ya majira: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Wanjala na Nanjala ni wa njaa. Hayo hayahitaji ndoto. Jina la mhenga ni jambo jingine. Kwa desturi, mtoto akilia mfululizo bila sababu inayojulikana, wazee humtajia majina ya wafu wa ukoo moja baada ya jingine, na lile analonyamazia huwa lake. Ndoto hufupisha kazi hiyo, kwani marehemu amejitaja mwenyewe. (Mtoto hulia kwa homa pia, familia yenye busara huenda zahanati kabla ya kumaliza orodha.)

Si ajabu kwamba mara nyingi mama ndiye anayejiwa. Tangu mwaka 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoeleza kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza chini ya kope, imebainika kuwa anayeamshwa katika kipindi hicho huikumbuka ndoto kwa urahisi zaidi. Mama anayeamka mara kadhaa kunyonyesha ana nafasi nyingi za kukumbuka. Maelezo haya yanaeleza kwa nini anakumbuka; hayagusi kwa nini ukoo mzima unamsikiliza.

Msamiati wa Pwani nao hausaidii sana. Mapokeo ya Kiislamu hutofautisha ruya njema itokayo kwa Mungu, ndoto ya shetani, na mazungumzo ya nafsi. Swali kuu huko ni ndoto imetoka wapi, kisha mjuzi huitabiri. Katika ndoto ya jina hakuna fumbo la kufumbuliwa. Swali ni mgeni anataka nini, naye amekwisha kulisema.

Mvutano mkali zaidi uko nyumbani. Wahubiri wengine hufundisha kuwa mfu anayezuru usingizini ni pepo, na mzazi aliyeokoka hujikuta kati ya mchungaji na mama mkwe. Katika nyumba nyingi suluhu ni majina mawili: la Biblia kwa ubatizo, la kuka kwa kuitwa uani. Mtafiti akiandika “ndoto” pekee, ugomvi huo hauonekani kabisa, hasa kwa kuwa neno hilo sasa hubeba pia maana ya matumaini ya maisha, kama katika anwani ya *Ndoto ya Amerika* ya marehemu Ken Walibora.

Heri basi kitenzi cha msimulizi kibaki kama kilivyotamkwa, na maswali yakifuate: nani alikuja, alisema au alinyamaza, na asubuhi aliambiwa nani kwanza?