Mwenye shamba si mwenye mnyama

Barua imetoka Goba, Dar es Salaam, upande wa Kinzudi. Aliyeiandika ni mwalimu mstaafu mwenye ekari mbili alizonunua enzi ambazo eneo lile lilikuwa bado mihogo na mikorosho. Vijana watatu na mbwa wao walimpigia hodi, wakamwamkia kwa adabu, wakaomba ruhusa ya kuwinda nguruwe pori wanaojificha kwenye kichaka cha bondeni, mwisho wa shamba lake. Mwalimu alikuwa amechoka kuamka na kukuta matuta yamefukuliwa, hivyo hakusita. Kwa kuwa ni mtu wa maandishi, aliwaandikia karatasi ya ruhusa, na mwenyekiti wa mtaa akaigonga mhuri baada ya kupewa elfu kumi ya “ofisi”. Jioni wakamletea paja.

Siku chache baadaye walifika wanaume wawili waliosema ni askari wa wanyamapori. Wakamweleza kwamba amekutwa na nyara za serikali, kwamba kesi yake ni ya uhujumu uchumi, na kwamba mambo yanaweza kuisha palepale kwa milioni tatu. Mwalimu anauliza: kosa langu ni lipi ikiwa shamba ni langu na nilitoa ruhusa kwa maandishi? Na hao watu niwalipe?

Nianze na swali la pili kwa sababu ndilo lenye haraka. Usiwalipe. Ofisa wa kweli hana mamlaka ya kumaliza kosa la nyara kibarazani kwako, na malipo yoyote halali ya serikali yana kumbukumbu namba na stakabadhi. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mshtakiwa kuafikiana na upande wa mashtaka, lakini makubaliano hayo hufanywa kwa maandishi na kusajiliwa mahakamani. Anayekutajia bei akiwa amesimama mlangoni anaomba rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Wadai kitambulisho, andika majina na namba za gari, mwite jirani asikie. Nimeona mtindo huu mara nyingi, nao hauishii kwenye malipo ya kwanza. Ukilipa tatu leo, mwezi ujao watarudi wakidai bosi wao naye amepata habari.

Sasa ruhusa. Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa, na wengi wao ni watu wema.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kinasema wanyamapori wote wa Tanzania Bara ni mali ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hakisemi “wanyama wa hifadhini”. Kinasema wote. Nguruwe aliyelala kichakani kwako, paa aliyevuka ua wako, kanga wa porini anayedonoa mahindi yako, hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwenye hati yako ya kiwanja. Unamiliki haki ya kuitumia ardhi, lakini mnyama ana mwenyewe mwingine.

Kwa hiyo karatasi ya Mwalimu ilikuwa na kazi moja tu: iliwaondolea vijana kosa la kuingia kwa jinai, lililomo katika kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu. Iliwapa haki ya kukanyaga ardhi yake. Juu ya mnyama haikusema lolote lenye nguvu ya kisheria, kwa sababu mtu hawezi kutoa kibali cha kitu kisicho chake. Mhuri wa mtaa haukuongeza kitu. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kukutambulisha kuwa mkazi, inaweza kusuluhisha ugomvi wa mpaka, lakini leseni ya uwindaji haitoki pale. Inatoka kwa mamlaka ya wanyamapori, ambayo kwa sasa ni TAWA, na huwa imetaja mnyama, eneo na muda. Mwenyekiti anayepokea elfu kumi kugonga mhuri karatasi ya namna hii anamuuzia mwananchi kitu asichokuwa nacho, na anamwacha aamini kwamba yuko salama.

Najua picha hii ya kubisha hodi inatoka wapi. Vijana wanaona video za Marekani, mwindaji anasimamisha gari, anagonga mlango wa mkulima, wanapeana mikono, anaingia porini. Kisichoonekana kwenye video ni kwamba yule mwindaji tayari ana leseni ya jimbo lake mfukoni. Hodi ile ni kwa ajili ya ardhi peke yake. Afrika Kusini ni habari nyingine, kwani kule sheria inamruhusu mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha kummiliki mnyama aliyemo ndani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, kwa hiyo ruhusa ya mwenye shamba haina pa kuanzia. Sisi hatuko huko wala kule: uwindaji upo, lakini mlango wake ni wa serikali.

Kuna jambo zito zaidi, na Mwalimu hakulifikiria hata kidogo. Karatasi yake, badala ya kumkinga, inaweza kumfunga. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mtenda kosa yule anayesaidia au kumwezesha mwingine kulitenda. Mwendesha mashtaka atakachohitaji kuonyesha ni kwamba mwenye shamba alijua uwindaji unafanyika na aliuruhusu. Mwalimu amemwandikia ushahidi huo kwa mkono wake, tarehe ipo, sahihi ipo, na mhuri upo.

Halafu vijana walikwenda na mbwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori inakataza kuwinda kwa mbwa, mitego, nyavu, mashimo, sumu na taa za usiku bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Yaani hata kama wangekuwa na leseni halali, namna yenyewe ya kuwinda ingekuwa kosa. Zaidi ya hapo, Goba haiko mbali na Pande, ambalo ni pori la akiba na si msitu wa kuchanja kuni tu kama wengi wanavyodhani. Mbwa hawasomi mpaka. Mtu anayewafuata mbwa wake hadi ndani ya pori la akiba anakusanya makosa mapya kwa kila hatua.

Na paja. Watu hudhani mla nyama hana kosa ikiwa hakuua. Kifungu cha 86 kinahusu kupatikana na nyara, na nyama mbichi ni nyara sawasawa na pembe au ngozi. Tena kifungu cha 100 kinaugeuza mzigo wa kuthibitisha: ukikutwa nayo, ni wewe unayetakiwa kuonyesha kuwa uliipata kihalali. Tangu Rais Magufuli alipoagiza mabucha ya nyamapori Julai 2019, alipokuwa akizindua Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na kanuni zake zikatoka mwaka 2020, kuna wanaoamini kwamba nyamapori sasa ni ruksa. Iliyo ruksa ni nyama iliyonunuliwa bucha lenye leseni, na stakabadhi ndiyo ulinzi wako. Ihifadhi mpaka nyama iishe. Kipande ulichopewa na jirani kwenye mfuko wa rambo hakina stakabadhi, na mahakama haitapokea “nilipewa tu” kama jibu.

Mashtaka ya nyara mara nyingi hufunguliwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Ndiyo maana mtu aliyekamatwa na kilo tano za nyama husomewa mashtaka na kuambiwa hatakiwi kujibu lolote, kwa kuwa mahakama iliyo mbele yake haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe idhini na cheti. Anarudishwa rumande, upelelezi haujakamilika, tarehe inapigwa kalenda. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, adhabu ya kosa la uhujumu uchumi huanzia miaka 20 na kufika 30. Hofu hiyo ndiyo mtaji wa wale wawili waliofika kwa Mwalimu. Wanaijua sheria vizuri kuliko wanayemtisha.

Basi naye aijue. Ofisa wa wanyamapori anaweza kupekua bila hati, lakini kifungu cha 106 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori kinaweka kizuizi: nyumba ya kuishi haiingiwi bila hati isipokuwa mbele ya angalau shahidi mmoja huru. Shahidi huru si dereva wao. Muombe mjumbe au jirani aitwe kabla hawajavuka kizingiti, na usiwazuie kwa mikono. Kila kitu kinachochukuliwa kiandikwe kwenye hati ya ukamataji, isainiwe nawe na shahidi. Isome kabla ya kusaini. Kama imeandikwa “nyama ya swala” nawe unajua ni ya mbuzi, sema na udai maneno yako yaandikwe.

Nyama huoza, hivyo polisi huomba kibali cha hakimu iteketezwe kabla ya kesi, na fomu ya orodha ndiyo huletwa mahakamani baadaye. Zamani mambo haya yalifanyika mshtakiwa akiwa mahabusu hajui kitu, kisha miezi baadaye anasomewa orodha ya nyama asiyowahi kuonyeshwa. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 385 ya mwaka 2017, ilisema wazi kwamba mshtakiwa lazima apelekwe mbele ya hakimu huyo na asikilizwe kabla ya amri kutolewa. Dai haki hiyo tangu siku ya kwanza. Ukiulizwa na hakimu kama una neno, sema neno lako. Orodha iliyopatikana bila wewe kusikilizwa ina hatari ya kuondolewa kwenye ushahidi, na bila orodha kesi nyingi za nyama hubaki hazina miguu.

Kwa Mwalimu mwenyewe, ushauri wangu ni huu: kabla ya kwenda popote, mwone wakili, au watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikiwa huna uwezo. Usiichome ile karatasi wala kuifukia nyama usiku, kwa sababu kuficha kunamfanya mtu asiyeelewa aonekane jambazi. Mtu anayejitokeza na wakili wake kueleza alichokipata na kilivyomfikia yuko mahali pazuri kuliko anayesubiri kukamatwa. Vijana wakirudi, wakatalie, na kataa mbele ya watu.

Ama nguruwe, bado watakuja leo usiku, na hapa sheria inanikasirisha. Inamruhusu mtu kuua mnyama kwa kujihami au kulinda mali, kisha inataka atoe taarifa, na mzoga unabaki kuwa wa serikali. Kwa maandishi ni sawa. Lakini mkulima wa Goba akipiga simu saa nane usiku kwamba nguruwe wamo kwenye mihogo, ni nani atafika? Akipeleka barua, jibu litamkuta amekwisha kuvuna mashina matupu. Serikali inayosema mnyama ni wangu haiwezi kunyamaza mnyama huyo anapokula jasho la mwingine. Mwenye ng'ombe aliyeingia shamba la jirani hulipa fidia, na hakuna kijiji ambacho kingekubali aseme “ng'ombe ni wa umma”.

Kinachonisumbua zaidi ni vipimo vya adhabu. Nyara hukadiriwa kwa mnyama mzima na kwa dola. Pundamilia huhesabiwa dola 1,200, nyumbu 650, swala pala 390. Ukikutwa na mnofu wa kujaza sufuria, hati ya tathmini huandika mnyama mzima, na kwa pundamilia hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu. Kisha unawekwa kwenye sheria ileile inayomkabili mfanyabiashara wa meno ya tembo mwenye kontena bandarini. Bunge lilikuwa na sababu: miaka ile ya mauaji ya tembo, Selous ikiachwa na mizoga, nchi ilihitaji sheria yenye meno. Siitaki irudi nyuma kwa majangili. Lakini kiwango cha chini cha miaka 20 kinamfunga hakimu mikono anaposimamishiwa mama aliyepokea kitoweo.

Utaratibu wenyewe wa kuiomba serikali leseni ya kuwinda nao una historia ndefu. Amri ya uwindaji ya Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ya mwaka 1896 ilitaka watu walipie kibali kuwinda wanyama ambao babu zao waliwawinda bila kumuuliza mkoloni yeyote. Waingereza waliendeleza, nasi tukarithi, tukabadilisha jina la mwenye mali na kuacha mantiki ileile mwaka 1974 na tena 2009. Sheria inawatambua Wahadzabe na uwindaji wao wa jadi, na ni vyema. Wakulima wanaoishi pembeni mwa vichaka vya miji inayokua hawajatajwa mahali popote.

Wabunge wanaporekebisha sheria hii, na huwa inarekebishwa, watenganishe kitoweo na biashara. Aliyekutwa na nyama ya mnyama asiye hatarini kutoweka, kwa kiasi cha kula nyumbani, ashtakiwe kwa sheria ya wanyamapori peke yake, mbele ya hakimu mwenye hiari ya kutoa faini au kifungo cha nje. Nyama ipimwe kwa kilo. Na kila halmashauri ya Dar es Salaam yenye vichaka, Ubungo ikiwa ya kwanza, iwe na ofisa wanyamapori ambaye namba yake imebandikwa kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa, ili mtu mwenye nguruwe shambani apate wa kumpigia kabla vijana wenye mbwa hawajabisha hodi.