Gari Bovu Bado Lina Moto: Kemia ya Usalama Katika Uwanja wa Vyuma Chakavu

Gari lililokufa injini, likang'olewa magurudumu na kutelekezwa majanini, huonekana kuwa kitu kisichoweza tena kumdhuru mtu. Kuku hutaga mayai ndani yake na watoto huligeuza mahali pa michezo. Kwa macho ya mwanakemia, hata hivyo, gari hilo ni ghala la vitu viwakavyo: mabaki ya petroli au dizeli, oili, mafuta ya breki, mipira, plastiki, sponji za viti, na mara nyingi betri ambayo bado ina nguvu. Makala hii inaeleza jinsi moto unavyoanza katika uwanja wa magari mabovu, jinsi unavyoweza kuzuiwa kabla haujazaliwa, na wakati gani mtu anapaswa kuacha kupambana nao na kuondoka.

Mahali panapohusika

Mji wa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, upo kwenye barabara kuu itokayo Tabora kwenda Mpanda. Penye barabara kuu pana magari, na penye magari pana yaliyokufa. Katika miji ya namna hii magari hayo huishia nyuma ya gereji, ambako mafundi huyachambua kwa ajili ya vipuri na kuyakata ili kuuza vyuma kwa kilo.

Mambo mawili huufanya moto wa uwanja kama huo kuwa wa hatari zaidi kuliko moto wa jiji. La kwanza ni umbali. Kutoka Inyonga hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na Tabora ipo zaidi ya kilomita 200. Msaada wa ziada kutoka miji hiyo hauwezi kufika kwa dakika. Kwa hiyo dakika za mwanzo ni za watu waliopo. Jambo la pili ni mazingira. Inyonga imezungukwa na misitu ya miombo, ambamo wafugaji wa nyuki hutundika mizinga yao. Wakati wa kiangazi majani hukauka, na cheche iliyoanzia kwenye gari moja inaweza kuvuka ua na kuteketeza mali ambayo mwenyewe hajui hata gari hilo lilikuwa la nani.

Kinachowaka ni mvuke

Kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa kwamba moto unahitaji vitu vitatu: kitu kiwakacho, oksijeni na joto. Kikiondolewa kimoja, moto hufa. Lakini kanuni hiyo ina sehemu ambayo husahauliwa, nayo ni kwamba petroli yenyewe, ikiwa kimiminiko, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa.

Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika halijoto ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba katika nchi yetu hakuna siku wala usiku ambapo petroli iliyo wazi haitoi mvuke unaoweza kuwaka. Dizeli ni tofauti: huhitaji kupashwa moto hadi nyuzi 50 au 60 za Sentigredi, au zaidi, ndipo mvuke wake uweze kushika moto. Tofauti hii huwadanganya mafundi wengi. Dizeli haishiki moto kwa urahisi ikiwa baridi, lakini mwale wa gesi ya kukatia chuma una joto la zaidi ya nyuzi 3,000, na huyapasha moto mabaki ya dizeli yaliyomo tangini kwa muda mfupi sana.

Sifa ya pili ya mvuke wa petroli ni uzito. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Kwa hiyo haupai. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, hujaa kwenye mashimo na mitaro, na huweza kuifuata njia yake hadi kwenye jiko la mama lishe aliye mbali na gari. Moto ukiupata huko, hurudi nyuma kwa kasi hadi chanzo cha mvuke.

Onyesho la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha tabia ya gesi nzito bila hatari. Petroli isiletwe darasani kamwe. Badala yake itumike gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo pia ni nzito kuliko hewa, ingawa kwa mara moja na nusu tu.

Mishumaa miwili, mmoja mfupi na mwingine mrefu, isimamishwe ndani ya beseni lenye kina na kuwashwa. Katika jagi, magadi yachanganywe na siki au maji ya ndimu. Povu likitulia, jagi liinamishwe polepole juu ya ukingo wa beseni, gesi peke yake imiminike bila maji. Mshumaa mfupi huzimika kwanza, kisha mrefu. Wanafunzi watakuwa wameona gesi ikimiminika na kujaza chombo kuanzia chini. Sasa mwalimu aulize: kama gesi hii ingekuwa mvuke wa petroli, mshumaa wa kwanza ungefanya nini?

Kwa nini tangi tupu huua

Si kila mchanganyiko wa mvuke na hewa unawaka. Mvuke wa petroli ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya ujazo wa hewa, ni haba mno. Ukizidi asilimia 7.6 hivi, oksijeni haitoshi. Kati ya viwango hivyo viwili, cheche ndogo inatosha kuleta mlipuko.

Katika tangi lenye petroli nyingi, hewa iliyo juu ya mafuta huwa imeshiba mvuke kupita kiwango cha juu. Tangi lililomwagwa na kuachwa wazi huingiza hewa, na mchanganyiko wake hushuka hadi katika eneo la hatari. Hesabu ifuatayo inaonyesha ni mafuta kiasi gani yanayotosha.

Tuseme tangi lina ujazo wa lita 60. Asilimia 1.4 ya lita 60 ni lita 0.84 za mvuke. Moli moja ya gesi katika halijoto ya kawaida huchukua takriban lita 24. Basi mvuke huo ni moli 0.035. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, lakini uzito wa moli moja unaweza kukadiriwa kuwa gramu 100. Kwa hiyo inahitajika petroli ya gramu 3.5 tu. Kwa kuwa mililita moja ya petroli ina uzito wa gramu 0.74 hivi, jibu ni karibu mililita 5.

Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Hakuna fundi awezaye kulipindua tangi na kuapa kwamba hakikubaki kijiko kimoja ndani ya mikunjo na maungio yake. Kulisuuza kwa maji pekee hakutoi uhakika, maana petroli haiyeyuki katika maji na mabaki hujificha kwenye kutu. Kwa sababu hiyo, kanuni ya uwanjani ni fupi: tangi la mafuta halikatwi kwa mwale wa moto. Hufunguliwa likiwa zima na kuwekwa kando, mbali na kazi ya kukata na kuchomelea.

Betri na funzo la Msamvu

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka katika eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu wengi walikusanyika kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, kisha moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Baadhi ya taarifa za wakati huo zilimtaja mtu aliyekuwa akijaribu kung'oa betri ya lori. Ajali hiyo haikutokea katika uwanja wa vyuma chakavu, lakini kazi inayotajwa, yaani kung'oa betri penye mvuke wa petroli, ni kazi ifanywayo kila siku katika viwanja hivyo.

Fizikia yake ni rahisi. Betri ya gari ina volti 12, ambazo hazimshtui mtu. Lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, pengine omu 0.02. Spana ikiunganisha ncha zake mbili, mkondo unaweza kufika 12 ÷ 0.02, yaani ampea 600. Mkondo huo hutoa cheche kali na kuyeyusha chuma. Tena betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, gesi ambayo huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa.

Katika magari mengi bodi imeunganishwa na ncha hasi. Ndiyo maana waya wa ncha hasi hufunguliwa kwanza. Ukishatolewa, spana inayofungua ncha chanya ikigusa bodi haikamilishi sakiti, wala haitoi cheche. Fundi akianza na ncha chanya, kila mguso wa bodi ni kiberiti. Na penye harufu ya petroli, betri haiguswi kabisa mpaka mafuta yaliyomwagika yafunikwe kwa mchanga na upepo uupeperushe mvuke.

Utaratibu wa kazi

Gari lipokelewapo uwanjani, kazi ifuate mpangilio huu.

1. Liwekwe mahali pa wazi penye upepo, mbali na moto wowote. Watoto na wavutaji sigara waondolewe.

2. Betri itolewe, ncha hasi kwanza.

3. Mafuta yavutwe kwa bomba la mkono na kutiwa katika chombo chenye mfuniko, kilichowekwa juu ya ardhi. Yasivutwe kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni huweza kuua.

4. Tangi lifunguliwe na kuondolewa, kisha oili na mafuta ya breki yamwagwe katika chombo, si ardhini.

5. Viti, mazulia na mipira vitolewe. Mitungi ya gesi, ikiwemo ile inayonyanyua boneti au mlango wa nyuma, na mifuko ya hewa ya usukani, isikatwe wala kupashwa moto, kwa kuwa hupasuka kwa nguvu.

6. Ndipo mwale wa kukatia uwashwe, mchanga, maji na kizimamoto vikiwa karibu.

Magari yasirundikwe yakagusana. Iachwe njia ya kupita kati ya mistari. Kuuzunguka uwanja, majani yafyekwe hadi udongo uonekane, kama wafanyavyo warina asali wenye busara kabla ya kuwasha mwenge. Nyaya zisichomwe ili kupata shaba: ganda lake la plastiki hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa koo na mapafu huwa asidi.

Moto ukitokea

Kazi ya kwanza ni kupiga kelele na kuwatoa watu. Ya pili ni kupiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ya tatu, ikiwa tu moto bado ni mdogo na njia ya kutokea ipo nyuma ya mzimaji, ni kujaribu kuuzima.

Mzimaji asimame upande utokako upepo na aelekeze kizimamoto cha unga kwenye shina la moto, si kwenye ndimi. Unga huisha kwa sekunde chache, kwa kawaida chini ya nusu dakika. Hakuna nafasi ya kujifunza wakati huo. Maji yasimwagwe juu ya petroli iwakayo: petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea na kusambaa ikiwaka. Maji yanafaa kupoza magari ya jirani. Boneti inayotoa moshi isifunuliwe wazi, kwani oksijeni itaingia kwa wingi. Baadhi ya vipuri vyenye magnesi, vikiwaka, huchukua oksijeni kutoka katika maji yenyewe na kuacha haidrojeni, ambayo nayo huwaka.

Ikiwa kizimamoto kimekwisha na moto ungali hai. Ikiwa moto umefika kwenye tangi au mipira. Au ikiwa umegusa mtungi wa asetilini, mapambano yamekwisha. Asetilini iliyopashwa moto inaweza kuvunjika yenyewe ndani ya mtungi bila oksijeni, na mtungi huo waweza kulipuka hata baada ya moto wa nje kuzimwa. Watu waondoke mbali, na zimamoto waambiwe mtungi upo wapi. Gari bovu lina thamani ya kilo zake za chuma. Halistahili kulipwa kwa pumzi ya mtu.

Maswali ya kujadiliwa

1. Rudia hesabu ya tangi kwa pipa la lita 200. Je, ni mililita ngapi za petroli zinazotosha?

2. Eleza kwa nini fundi aliyekata matangi kumi ya dizeli bila ajali hajathibitisha kwamba tangi la kumi na moja ni salama.

3. Chora sakiti ya betri na bodi ya gari, kisha uonyeshe kwa nini ncha hasi hufunguliwa kwanza.

4. Kwa ruhusa ya mwenye gereji iliyo karibu na shule, chunguzeni kutoka mbali mpangilio wa uwanja wake. Upepo hutoka wapi? Njia za kutokea ni ngapi? Mchanga upo? Andikeni mapendekezo yenu na kumpelekea.