MASKI NA CHANJO: KANUNI INAPOBADILIKA

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.



Kuna swali linalorudi kila mara baada ya swala: waganga walisema maski haina lazima, kisha wakasema tuvae, kisha tutoe. Walisema sindano mbili zinatosha, kisha wakaongeza ya kukumbusha. Je, walitudanganya? Swali hili tusilicheke. Anayeamini kwamba alidanganywa kuhusu Korona hatasikia atakapoitwa kwa ajili ya surua, kipindupindu ao Ebola, na hayo ni magonjwa ya hapa kwetu.

Tukumbuke yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye ikatangazwa kwamba nyumba za ibada zifungwe, na zikafunguliwa tena katikati ya Agosti. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani (OMS) halikuwashauri wenye afya wavae maski njiani na sokoni. Tarehe 5 Juni 2020 likageuza shauri lake. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba mtu anaweza kuambukiza wengine naye hajisikii ugonjwa wowote.

Chanjo nayo ilikuja na vurugu. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika Machi 2021, lakini kazi ilianza tarehe 19 Aprili, kwa kuwa inchi kadhaa za Ulaya zilisimama kwanza kuchunguza habari za kuganda kwa damu. Kwetu waliojitokeza walikuwa wachache, na dozi karibu milioni 1.3 zikapelekwa inchi nyingine kabla hazijapita muda. Kwa maoni yetu, kosa la wakubwa halikuwa kubadilisha kanuni. Kosa lilikuwa kubadilisha bila kuwaeleza watu sababu.

Waislamu tunajua kwamba hukumu hufuata sababu yake. Msafiri hupunguza swala, na akirudi nyumbani huswali rakaa nne. Aliyekosa maji hutayamamu, na maji yakipatikana ruhusa imekwisha. Hakuna anayesema sheria imejipinga.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, na hao walitofautiana, kisha akawaita wazee wa Kikureshi. Mwishowe akarudi Madina na watu wake, ingawa Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar alimwonyesha kwamba kurudi nako ni ndani ya kadari. Safari yake ilibadilika kwa sababu habari ilibadilika, na imani yake ilibaki pale pale.

Sindano ya kukumbusha ilikuja kwa sababu kinga hupungua miezi ikipita, na kirusi chenyewe kilikuwa kinageuka, kama Omikron mwishoni mwa 2021. Machi 2023 OMS iliwatanguliza wazee, wenye kinga dhaifu, wajawazito na wauguzi. Vijana na watoto wenye afya hawakuwa wa kwanza. Mei 2023 ikatangaza mwisho wa hali ya dharura, lakini ugonjwa wenyewe haukutoweka. Basi kijana asilaumiwe kwa kukosa sindano hiyo. Mzee ao mgonjwa wa sukari aulize kwenye kituo cha afya, asiulize sokoni. Na mwenye nia ya Hija aulize masharti ya mwaka wake: mwaka 2022 Saudia ilidai chanjo na umri chini ya miaka 65, na sharti hilo la umri likaondolewa mwaka uliofuata.

Ndani ya msikiti, anayevaa maski asichekwe. Pengine nyumbani ana mama mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, kwa sababu ya harufu tu. Mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, aswali Adhuhuri rakaa nne, na majirani wampelekee chakula.