Taifodi au Brusela? Homa Isiyokwisha Kiamaiko na Namna ya Kuipima

Katika Kiamaiko, Huruma na Mathare, si rahisi kumpata mtu mzima ambaye yeye mwenyewe au jamaa yake hajawahi kuambiwa ana taifodi. Mtu huhisi kichwa kizito na tumbo linamsumbua, akapita kwenye maabara ndogo iliyo kando ya barabara, akatolewa damu, na baada ya dakika chache akapewa kikaratasi chenye namba kama 1:80 au 1:160. Anarudi nyumbani na dawa za siku tano. Wiki tatu baadaye homa imerudi, naye anaanza safari ile ile kwa pesa nyingine.

Tatizo mara nyingi huanzia kwenye kile kikaratasi. Kipimo hicho huitwa Widal, kwa jina la Fernand Widal, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti vijidudu vya taifodi vyenyewe, bali kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza ukishakutana na vijidudu hivyo au na jamaa zao. Mahali ambapo watu hukutana navyo mara kwa mara kwenye maji na chakula, hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa na kingamwili hizo kwenye damu. Maambukizi mengine, malaria ikiwemo, yanaweza pia kukifanya kipimo kisome kwamba zipo. Hivyo Widal moja tu haiwezi kuthibitisha kwamba homa uliyo nayo leo ni taifodi. Ingefaa zaidi kama ingerudiwa baada ya siku kumi hivi ili kuona kama namba imepanda mara nne, lakini ni wangapi hurudi?

Hii haina maana kwamba taifodi, au homa ya matumbo, ni hadithi. Uchunguzi uliofanywa Kibera kati ya 2007 na 2009 na watafiti wa KEMRI na CDC, kwa kukuza vijidudu kutoka kwa damu ya wagonjwa, ulipata takriban wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Walioathirika zaidi walikuwa watoto wa miaka 5 hadi 9. Ugonjwa upo, na ndiyo sababu haufai kukisiwa.

Taifodi haitoki kwa mbuzi

Kwa kuwa Kiamaiko inajulikana kote Nairobi kwa vichinjio vyake vya mbuzi, wengi husema wamepata taifodi kutokana na nyama. Kijidudu cha taifodi, Salmonella Typhi, huishi ndani ya binadamu peke yake. Hutoka kwenye kinyesi cha mtu na kumfikia mwingine kupitia maji, chakula au mikono. Bomba la plastiki linalopita ndani ya mtaro wa majitaka likiwa na ufa, presha ya maji ikishuka, uchafu huvutwa ndani. Jerikeni isiyooshwa humalizia kazi. Nyama inaweza kubeba kijidudu hicho, ndiyo, lakini ni kwa sababu imeguswa na mikono michafu au kuoshwa kwa maji machafu.

Kijidudu kikishamezwa hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, kikaingia kwenye damu na kukaa katika ini, wengu na mfuko wa nyongo. Dalili huanza baada ya wiki moja au mbili hivi. Basi mtu anayetapika na kuharisha saa chache baada ya kula asiilaumu taifodi. Huenda chakula kimemdhuru. Na anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele ashukiwe kuwa na kipindupindu: aanze kunywa maji ya ORS papo hapo huku akipelekwa kituo cha afya. Homa ya taifodi yenyewe hupanda polepole siku hata siku hadi nyuzi 39 au 40, ikiambatana na maumivu ya kichwa na tumbo na kukosa hamu ya kula. Baadhi ya watu hufunga choo badala ya kuharisha, jambo ambalo huwapotosha wengi.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kukuza vijidudu kutoka kwa damu. Damu hutolewa kabla ya mgonjwa kumeza antibayotiki yoyote, huwekwa kwenye chupa maalumu, na majibu huchukua siku kadhaa. Si kamilifu, kwani hukosa wagonjwa wapatao wanne katika kila kumi, lakini kikipata kijidudu, kimekipata kweli, tena huonyesha ni dawa ipi itakiua. Hilo la mwisho ni kubwa. Kenya kuna aina za taifodi zisizosikia tena ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli, na siprofloksasini nayo imeanza kudhoofika. Leo madaktari hutegemea zaidi azithromaisini, au seftriaksoni ya sindano kwa aliyezidiwa. Kila dozi inayonunuliwa nusu, au kwa ugonjwa ambao haupo, huwapa vijidudu nafasi nyingine ya kuizoea dawa.

Mbuzi naye ana homa yake

Kuna ugonjwa ambao Kiamaiko ina sababu ya kuufikiria kuliko mitaa mingine mingi: brusela. Huu ndio unaotoka kwa mnyama. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia huubeba, na mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au damu, kondo na majimaji ya mnyama yanapogusa kidonda au jicho. Mchinjaji, mchunaji, anayeosha matumbo na anayebeba taka za kichinjio wote wako karibu nao.

Brusela hufanana sana na taifodi: homa inayokuja na kuondoka, uchovu, tumbo kuuma, wengu au ini kuvimba. Linaloipambanua ni jasho jingi usiku na maumivu ya viungo na mgongo yasiyoisha; kwa wanaume korodani zinaweza kuvimba. Tiba yake ni dawa mbili pamoja, mara nyingi doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita. Mwenye brusela akipewa dawa za taifodi za siku tano anaweza kupata nafuu kidogo, kisha homa irudi.

Hapa pia kipimo cha haraka kimetia watu hasara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kikitumika hakikuaminika. Kipimo kiitwacho Rose Bengal ni bora zaidi, na nacho si cha gharama kubwa. Ukifika kwa daktari, basi, mwambie kazi yako kabla hujaulizwa, na umwambie kama wewe hunywa maziwa yasiyochemshwa. Muulize: kipimo hiki kinatafuta kijidudu au kingamwili? Zahanati isiyo na kipimo kinachohitajika inaweza kukuandikia rufaa hadi hospitali kubwa, kama vile Mama Lucy Kibaki.

Kwa watoto, chanjo ya homa ya matumbo iliingia nchini kwa kampeni ya Julai 2025 iliyowalenga wenye umri wa miezi 9 hadi miaka 14, na sasa imo katika ratiba ya kawaida mtoto akifikisha miezi 9. Nenda na kijitabu chake cha kliniki. Nyumbani, chemsha maji au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri dakika 30. Kwa wengi klorini ni nafuu kuliko makaa. Kichinjioni, vaa glavu na gambuti, na funika kidonda kabla ya kushika kisu.

Watu wachache hupona taifodi lakini hubaki na kijidudu kwenye mfuko wa nyongo kwa miaka, bila kuhisi lolote. Mpishi Mary Mallon wa New York, aliyefariki mwaka 1938, aliwaambukiza watu wengi huku mwenyewe akijiona mzima. Ndiyo maana wauzaji chakula hutakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya. Cheti cha kununua bila kupimwa hakimlindi mteja.

Usisubiri kabisa ukiona haya: homa kali iliyozidi siku tatu, choo cheusi au chenye damu, mgonjwa kuchanganyikiwa, au tumbo kuuma ghafla na kuwa gumu kama ubao. Hilo la mwisho linaweza kuwa utumbo umetoboka, jambo ambalo taifodi husababisha hasa kuanzia wiki ya tatu. Duka la dawa halina la kufanya hapo. Mpeleke mgonjwa usiku huo huo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji.