Aliyezimia kwa Homa Apimwe Moyo

Mdogo wangu wa Mbooni, barua yako nimeisoma mara mbili. Kaka yako, miaka 31, mtu wa kubeba magunia ya kabeji soko la Kikima, alishikwa na homa, akaanguka akiwa ameketi tu kitandani. Dakika moja baadaye akaamka anauliza mnamtazamia nini. Zahanati wakampima malaria, haikuonekana. Mama anasema ni udhaifu, jirani anasema karogwa. (Sisi wa Ukambani tumesingiziwa uchawi vya kutosha, tusijiongezee.)

Kilichoninyima usingizi ni ile sentensi ya mwisho uliyoipenyeza kama jambo dogo: baba yenu mdogo alilala mzima, asubuhi akakutwa amekufa, na hakuwa amefika miaka 40.

Wengi wanaozimia wakiwa na homa wamepungukiwa maji tu. Wanasimama, wanaona giza, wanaanguka. Lakini anayezimia ameketi au amelala, bila dalili, na kwao kuna kijana aliyefia usingizini, huyo apimwe moyo. Vivyo hivyo mtu mzima anayekakamaa kwa homa. Msikimbilie kumwita wa kifafa.

Mwaka 1992 madaktari wawili ndugu, Pedro na Josep Brugada, walieleza habari za wagonjwa 8 ambao mioyo yao, kwa umbo, haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye umeme wake. Moyo hupiga kwa chumvichumvi kupita kwenye vijilango vya chembe zake; kwa baadhi ya watu vijilango hivyo vimezaliwa dhaifu, na joto la homa huvilegeza zaidi. Mapigo yanavurugika, damu haifiki kichwani. Hali hiyo huwapata zaidi wanaume, mara nyingi usiku. Kule Ufilipino vijana waliokufa hivyo walidhaniwa wameuawa na jinamizi, wakaiita bangungut. Unaona? Kila mahali kuna jirani kama wako.

Kipimo chenyewe ni ECG. Wanabandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine inachora mistari kwenye karatasi. Hakichomi, hakiumi, na dakika chache kimekwisha. Ila kina ujanja wake: homa ikishuka, mchoro unaweza kurudi wa kawaida kabisa, mkaambiwa nendeni nyumbani. Kwa hiyo akifika hospitali bado anachemka, ombeni ECG hapo hapo. Wala msimnyime dawa ya homa nyumbani ili mchoro utoke vizuri! Panadol apewe mapema, kwa kipimo chake. Homa ikiwa imeshatulia, mwelezeni daktari wa hospitali ya Wote kwamba alizimia akiwa na joto, na mtajeni baba mdogo. Msipomtaja, daktari atamjuaje?

Wakigundua tatizo, ndugu wa damu nao wapimwe, wewe ukiwemo. Aliye hatarini sana huwekewa kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukivurugika. Kaka asijinunulie dawa ovyo kwenye duka la dawa, maana zipo zinazouvuruga moyo wa namna hiyo, na pombe ya kaluvu ya kupitiliza aiache.

Akipata homa tena, asilale peke yake. Mkimsikia anakoroma kama anayekabwa, mwamsheni. Asipoamka wala kupumua sawasawa, mlazeni chali sakafuni, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine atafute gari. Gari, si bodaboda.